Kuunganisha simu au laptopu kwenye redio kubwa ya nyumbani: mwongozo kamili kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Nyumba nyingi za Tandahimba, Newala, Ruangwa na Nachingwea zina redio kubwa au sabufa iliyonunuliwa kwa pesa ya korosho, na katika nyumba hizohizo kila mtu ana nyimbo zake kwenye simu. Kuviunganisha hivi viwili kunahitaji waya mmoja wa bei ndogo. Waya huo ukinunuliwa kwa kubahatisha, ndipo malalamiko yanapoanza: sauti inakoroma, spika moja imenyamaza, mvumo hauishi, ala zinapiga lakini mwimbaji hasikiki. Watu huishia kulaumu redio, na wengine huipeleka kwa fundi ikafunguliwe bure. Mara nyingi redio ni nzima kabisa. Tatizo liko kwenye tundu lililochaguliwa, kiwango cha sauti kilichowekwa, au umeme.

Kwa hiyo usianzie dukani. Anzia nyuma ya redio.

Soma nyuma ya redio kwanza

Zima redio, chomoa plagi ukutani, ivute mbele na umulike kwa tochi. Futa vumbi usome maandishi yaliyo juu ya kila tundu. Picha moja ya upande huo ukiwa nayo kwenye simu, hata ukifika dukani hutababaika.

Unachotafuta ni mojawapo ya haya: AUX, LINE IN, CD, DVD, TV, VIDEO, TUNER, TAPE IN au TAPE PLAY. Kwenye redio za mtumba kutoka Japani utakuta pia MD, tundu lililowekwa kwa ajili ya mashine za MiniDisc. Yote hayo kwa kazi yetu ni sawa. Yametengenezwa kupokea umeme wa sauti wa kiasi, kuanzia sehemu chache za kumi za volti hadi volti 2 hivi. Simu ikifunguliwa sauti karibu na mwisho hutoa kati ya nusu volti na volti 1, kwa hiyo inaingia humo bila taabu. Jina lisikusumbue: ukichomeka kwenye CD, chagua CD kwa kitufe cha mbele au rimoti, na muziki utapiga.

Sasa yale ya kuepuka, na sababu zake.

PHONO ni tundu la sahani za santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, milivolti 5 hivi, kwa hiyo nyuma ya tundu hilo kuna sakiti inayoukuza umeme huo karibu mara 100 na kuongeza besi kwa makusudi. Ukiingiza simu humo, sauti hutoka nene, iliyopasuka, na kupunguza simu hakusaidii sana. Amplifaya nyingi za zamani zina PHONO jirani kabisa na CD, na yote mawili yana rangi nyekundu na nyeupe, ndiyo maana kosa hili ni la kawaida.

MIC nalo ni hivyohivyo. Ni la maiki, linategemea milivolti chache tu, na kwenye sabufa za karaoke huwa na mwangwi ndani yake. Simu ikiingia humo hukoroma, na sauti zote hugeuka kuwa njia moja.

TAPE OUT, REC OUT, LINE OUT na SUB OUT ni milango ya kutokea. Ukichomeka simu hapo utapata ukimya. Hakitaharibika kitu, ila utapoteza jioni nzima ukidhani waya ni mbovu.

Vishikio vya spika, vile vya kubana waya vyekundu na vyeusi, si mahali pa simu wala laptopu. Pale hutoka umeme mkubwa wa kusukuma spika. Ukiurudisha kwenye simu unaiua. Vilevile usichukue waya wa spika wa redio ndogo ukauingiza kwenye AUX ya redio kubwa kwa nia ya kuongeza nguvu. Hiyo huunguza, na mara nyingi inayoungua ni redio kubwa.

Angalia pia umbo la tundu. Matundu mawili ya duara, jekundu na jeupe, ni ya RCA, aina ileile inayotumika kwenye deki za DVD. Tundu dogo moja la AUX, mara nyingi mbele ya redio, ni la milimita 3.5, sawa na la earphone. Jekundu ni kulia, jeupe ni kushoto; kwenye waya nyingine jeupe hubadilishwa na jeusi. La njano ni la picha tu.

Waya wa kununua

Redio yako ikiwa na RCA, unahitaji waya wenye pini moja ya 3.5 upande mmoja na pini mbili za RCA upande wa pili. Ikiwa na tundu dogo la AUX, unahitaji waya wa 3.5 pande zote mbili. Muuzaji mwoneshe ile picha.

Itazame pini ya 3.5 kwa makini. Pini ya muziki ina pete nyeusi mbili zinazoigawa sehemu tatu: ncha ni kushoto, katikati ni kulia, shina ni ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Pini yenye pete tatu imegawanywa sehemu nne, kwa sababu inabeba na maiki. Waya wa pete mbili ndio salama kwa kazi hii, na unafanya kazi hata kwenye simu na laptopu yenye tundu la pete tatu.

Kuna waya mmoja unaofanana sana na huu na unawapoteza wengi: wenye pini ya 3.5 ya pete tatu upande mmoja na RCA tatu, nyekundu, nyeupe na njano, upande wa pili. Huo ni wa kamera za video na ving'amuzi, na mpangilio wa ndani hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Ukiutumia kwenye simu, njia moja huweza kupotea au kutokea kwenye pini ya njano. Kama ndio pekee ulio nao, jaribu kuchomeka ya njano mahali pa nyekundu. Mara nyingine hufaa kwa siku moja. Usiununue kwa makusudi.

Urefu wa mita 1.5 unatosha simu kukaa juu ya redio au mezani kando yake. Mita 3 inafika kwenye kochi. Mita 5 bado ni sawa. Ukipita mita 10, waya unaanza kuokota kelele njiani. Hapo Bluetooth ni bora.

Unene wa plastiki usikudanganye, maana ndani yake nyuzi za shaba zinaweza kuwa chache kama nywele. Kilicho muhimu ni wavu wa shaba unaozunguka nyuzi, kwa sababu ndio unaozuia kelele. Huwezi kuuona bila kukata, ila unaweza kuujaribu: chomeka waya kwenye simu na spika ya dukani, ukunje na kuuzungusha karibu na pini zote mbili huku muziki unapiga. Ukikwaruza au kukatikakatika, uache. Jaribu pini ikiwa simu yako ina kava. Kava nene huzuia pini kuzama hadi mwisho, na pini isiyozama huleta karibu kila aina ya tatizo utakaloliona huko mbele.

Kuunganisha

1. Redio iwe imezimwa na kitufe cha sauti kiwe chini kabisa. Pini ikichomekwa kwenye redio iliyowaka na kufunguliwa, spika hupiga mshindo, na mshindo mkubwa unaweza kupasua spika ndogo ya trebo, ile ya sauti nyembamba.

2. Chomeka RCA, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Sukuma huku ukizungusha kidogo, mpaka chuma cha nje kishike.

3. Chomeka pini ya 3.5 kwenye simu mpaka usikie inashika.

4. Washa redio, chagua jina lilelile la tundu ulilotumia. Kwenye amplifaya za zamani, ukitumia TAPE IN, huenda ukahitaji kubonyeza TAPE MONITOR.

5. Piga wimbo unaoujua vizuri. Weka simu kwenye asilimia 80 hadi 90, kisha pandisha redio taratibu.

6. Kwenye simu, zima ekwalaiza na kila kinachoitwa bass boost. Besi na trebo zirekebishe kwenye redio.

Hatua ya 5 watu huifanya kinyume, na inafaa kuelezwa. Simu ikiwa kwenye asilimia 20, redio inalazimika kukuza umeme mdogo, na pamoja nao inakuza mchakacho wa chinichini, ule mvumo kama wa mvua ya mbali. Simu ikiwa juu, muziki unaingia na nguvu yake na mchakacho unabaki chini. Asilimia 100 pia inafaa kwenye simu nyingi, lakini nyingine, hasa zikiwa na ekwalaiza, hukata vilele vya sauti pale juu na besi ikaanza kukoroma. Tafuta pale juu kabisa ambapo bado ni safi, uache hapohapo siku zote, na kazi ya kupandisha na kushusha ifanywe na redio.

7. Hakikisha pande zote mbili zinapiga: chomoa nyekundu, spika ya kulia inyamaze, irudishe, chomoa nyeupe, ya kushoto inyamaze.

Laptopu

Laptopu za sasa zina tundu moja lenye alama ya headphone. Za zamani zina mawili: la kijani ni la kutolea sauti, la waridi ni la maiki. Kompyuta za mezani huwa na la bluu pia, ambalo ni la kuingizia sauti. Tumia la kijani.

Kwenye Windows, bofya alama ya spika chini kulia na uhakikishe sauti inaelekezwa kwenye Headphones au Speakers. Kompyuta ikiuliza umechomeka nini, usichague Headset, kwa sababu hapo huanza kutafuta maiki. Ingia kwenye mipangilio ya Sound, zima kila kinachoitwa Audio enhancements. Vimewekwa ili spika ndogo za laptopu zionekane na nguvu, na kwenye redio kubwa vinaharibu sauti. Zima pia milio ya mfumo, maana mlio mdogo wa taarifa kwenye laptopu ni mlipuko kwenye spika za inchi 8.

VLC hukuruhusu kupandisha sauti kupita asilimia 100. Usipite hapo. Kinachoongezeka juu ya 100 ni kukoroma.

Kuna jambo wengi hulijaribu ambalo haliwezekani: kuunganisha laptopu kwa waya wa USB kwenye tundu la USB la redio. Tundu lile ni la kusoma flashi, na laptopu si flashi. Simu nayo ikichomekwa pale kwa kawaida itachaji tu. Ukitaka kutumia tundu hilo, jaza nyimbo kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, kwa sababu redio nyingi hazisomi NTFS wala exFAT. Flashi ya GB 32 au pungufu ndiyo isiyosumbua.

Kama tundu la laptopu limelegea au lina kelele, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la earphone. Inachomekwa pembeni na Windows huitambua yenyewe. Ukiwa na televisheni, njia nyingine ni HDMI kutoka laptopu hadi televisheni, kisha waya wa sauti kutoka televisheni hadi redio. Televisheni ikiwa na tundu la optiko (linalotoa sauti kwa mwanga) peke yake, redio isiyo na optiko itahitaji kisanduku cha kugeuza, na kwenye mipangilio ya televisheni uchague PCM, la sivyo utapata ukimya au mikwaruzo.

Simu zisizo na tundu la earphone

Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, simu nyingi zimeondoa tundu la 3.5. Hizo zinahitaji kiunganishi kifupi. Kwa iPhone za zamani ni cha Lightning, kwa nyingine ni cha USB-C, na hiki cha pili ndicho chenye mtego. Vipo vya aina mbili vinavyofanana kwa macho. Kimoja kina chipu ndani inayogeuza sauti ya dijitali, na hufanya kazi kwenye karibu kila simu. Kingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti ya kawaida kupitia USB-C, na simu nyingi haziitoi. Usikubali maneno ya muuzaji. Kichomeke kwenye simu yako palepale, upige wimbo.

Bluetooth

Redio isiyo na Bluetooth huongezewa kwa kipokezi kidogo kinachotumia umeme wa USB wa volti 5 na kutoa sauti kwa pini ya 3.5. Kichomeke kwenye AUX kama vile ni simu, kipe umeme kwa chaja, kisha kwenye simu fungua Bluetooth na utafute jina lake. Kikiomba namba, jaribu 0000 au 1234.

Mahali pa wazi hufika mita 10 hivi. Ukuta wa bloku hupunguza umbali huo sana, na mwili wa mtu ukiwa katikati nao unapunguza. Kwa shughuli yenye watu wanaocheza, kama unyago au harusi, Bluetooth inaokoa waya usikanyagwe, lakini kiweke kipokezi juu, usawa wa kichwa, mbele ya redio na si nyuma yake. Teua pia simu moja ya kupiga muziki. Simu nyingine zikiwa zimewahi kuunganishwa, moja yao inaweza kunyakua kipokezi katikati ya wimbo.

Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, mara nyingi kati ya sehemu ya kumi na robo ya sekunde. Kwa muziki huoni tofauti. Kwa filamu, midomo na maneno vinapishana, basi tumia waya. Na kama redio na simu hukaa mahali pamoja siku zote, waya wa bei rahisi bado unashinda kipokezi cha bei rahisi kwa usafi wa sauti.

Usikipe kipokezi umeme kutoka kwenye tundu la USB la redio hiyohiyo. Mara nyingi huleta mlio mwembamba, kwa sababu umeme wake na sauti yake vinarudi redioni kwa ethi moja. Tumia chaja ya simu iliyo peke yake.

Redio isiyo na AUX

Redio kaseti nzuri za zamani bado zipo, na si za kutupa. Ikiwa mkanda wake bado unazunguka, tumia kaseti ya kuunganishia: ina umbo la kaseti, na waya wenye pini ya 3.5 unatoka pembeni. Iweke, bonyeza PLAY. Kabla ya hapo safisha kichwa cha kusomea kwa pamba yenye spiriti, la sivyo sauti itatoka imezibwa.

Njia ya pili ni kirushio kidogo cha FM. Tafuta mahali patupu kati ya 87.5 na 108 pasipo na kituo, weka namba hiyo kwenye kirushio na redio. Redio za Kijapani zilitengenezwa kwa FM inayoanza 76 na nyingi zinaishia 90, hivyo kwa hizo nafasi yako ni kati ya 87.5 na 90 tu. Sauti ya FM ina mchakacho zaidi kuliko waya. Ichukue pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Umeme

Kwanza jambo linaloua redio nyingi za mtumba. Umeme wa TANESCO ni volti 230, herezi 50. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100. Angalia kibati cha nyuma: kikiandikwa AC 100V, usiichomeke ukutani hata kwa sekunde moja. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa kwenye kibati. Redio ya wati 100 ipewe transfoma ya wati 150 au zaidi. Kukiwa na swichi ndogo ya kuchagua volti, iwe kwenye 220 au 230-240 kabla ya kuchomeka.

Pili, mvumo. Laptopu ikiunganishwa na redio ukasikia mvumo mzito usiobadilika, fanya jaribio moja: chomoa chaja ya laptopu, iendeshe kwa betri. Mvumo ukiisha, sababu umeipata. Laptopu na redio zimeunganishwa kwa njia mbili, kupitia waya wa sauti na kupitia umeme wa ukutani, na duara hilo linazungusha mvumo wa herezi 50. Jaribu kuchomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, tundu kwa tundu jirani. Ukibaki, sikiliza kwa betri, au nunua kile kisanduku kidogo cha kukata mvumo kinachowekwa katikati ya waya wa sauti. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo. Cha bei ya chini hupunguza besi kidogo, lakini mvumo unaisha.

Usikate wala kuvunja pini ya ethi ya plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo utaondoka, na kinga ya mtu dhidi ya kupigwa na umeme itaondoka nao.

Wanaotumia sola: inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini la umeme, na redio huimba mlio wa kukwaruza hata bila muziki. Hapo waya wa sauti hauna kosa. Inveta ya wimbi safi huondoa hilo. Wenye redio ya gari iliyofungwa kwenye betri ya volti 12 wako vizuri, wasichaji tu simu kwa betri ileile wakati inapiga muziki, maana chaja ndogo za 12V huingiza mlio mwembamba kama wa mbu.

Tatizo na mahali pa kuangalia

Ala zinapiga, mwimbaji hasikiki au yuko mbali kama yuko kisimani. Ethi imekatika. Kushoto na kulia vikikosa ethi, redio inapokea tofauti tu ya njia hizo mbili, na mwimbaji, ambaye kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, anafutika. Toa kava, sukuma pini hadi mwisho. Ikiendelea, waya umekatika karibu na pini au ni wa aina isiyofaa.

Spika moja imenyamaza. Badilisha RCA nyuma ya redio, nyekundu iende kwa nyeupe. Ukimya ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye waya au simu. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye redio, spika au kitufe cha balansi.

Una redio yenye spika moja tu na nusu ya muziki haisikiki. Usiunganishe nyaya za kushoto na kulia pamoja, kwa sababu unagonganisha njia mbili za simu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Accessibility, washa Mono audio, kisha tumia pini moja tu.

Sauti ya didi-didi-dii kabla ya simu kuita. Ni simu inayozungumza na mnara kwa 2G; hupiga mapigo 217 kwa sekunde na redio inayaokota. Vijijini hutokea zaidi pale ambapo simu inashika 2G. Isogeze mita moja kutoka kwenye amplifaya na waya, au weka hali ya ndege. Bluetooth unaweza kuiwasha tena ukiwa kwenye hali hiyo.

Inapiga vizuri, kisha redio inajizima. Baadhi ya redio huingia usingizini zikipokea sauti ndogo kwa muda. Pandisha simu, shusha redio.

Inakoroma ukipandisha tu. Amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake, au besi imewekwa juu mno. Shusha besi kwanza. Kukoroma kwa muda mrefu huunguza spika ya trebo, na ikishaungua hairudi.

Nyimbo fulani tu ndizo mbaya. Ni faili. Wimbo wa MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde, kipimo cha ubora wa faili) uliogeuzwa tena na tena, kwenye earphone unaweza kupita, kwenye redio kubwa unajianika. MP3 ya 320 au faili la asili hubadilisha mambo kabisa.

Waya uliokatika

Mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuurudisha. Kata sentimita 3 kutoka kwenye pini, maana hapo ndipo waya hukatikia. Nunua pini mpya ya kufungua. Ndani mara nyingi utakuta nyekundu, ambayo ni kulia, nyeupe au ya kijani, ambayo ni kushoto, na shaba tupu ya ethi. Nyuzi zikiwa na rangi ya kung'aa juu yake, hiyo ni vanishi. Ikwangue kwa msasa mwembamba au ipitishie kiberiti, la sivyo risasi haishiki. Ukimaliza, pima kwa multimita: ncha hadi katikati ya pini nyeupe, pete ya kati hadi katikati ya nyekundu, shina hadi vyuma vya nje vya zote mbili. Kati ya njia na njia multimita isilie.

Hewa ya bahari

Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, chumvi ya hewani hufanya pini na matundu yaote ukoko wa kijani au weusi. Dalili ni mikwaruzo unapogusa waya, au njia moja kuja na kuondoka. Chomoa pini kila baada ya miezi miwili au mitatu, zifute kwa kitambaa chenye spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, acha zikauke, kisha zichomeke na kuzichomoa mara kadhaa ili zijisugue. Tundu la simu lisafishe kwa kijiti cha meno kikavu, kwa mkono mwepesi, simu ikiwa imezimwa. Mara nyingi kinachotoka ni nyuzi za mfukoni. Usipulize mafuta ya kulainishia vyuma, yanashika vumbi. Kwa walio juu kwenye uwanda wa Makonde, vumbi jekundu ndilo adui, na kitambaa cha kufunika redio usiku kinatosha, mradi kiondolewe kabla ya kuiwasha ili isipate joto.

Mvua za masika zikija na radi, chomoa plagi ya redio, chaja ya laptopu, na waya wa antena kama upo. Kuzima kwa rimoti hakutoshi: radi huingia kwa waya wa umeme au antena, na ikishafika kwenye redio hupitia waya wa sauti hadi kwenye laptopu.